Bado Haijalia

Habari ilifika kijiweni kwa Gati, Nyamongo, kabla kahawa haijachemka. Waitara, dereva wa mkandarasi anayebeba mawe ya dhahabu, jana alipiga rivasi akaliangusha tanki la maji la kambi. Leo saa nne anaitwa kujieleza, na akishindwa kazi hana. Mwenyewe alikuwa benchini hapo hapo, shati limepigwa pasi, simu mapajani.

"Tanki kubwa kama kanisa, hukuliona?" akaanza Method wa bodaboda, tunayemwita Kona.

"Lile lori lina kengele. Ukikaribia kitu, linalia. Jana halikulia."

"Na vioo?"

"Vipo."

"Uliviangalia?"

"Mwaka wa tatu huu sijaviangalia. Vya nini, na kengele ipo?"

Tulicheka mpaka Gati akaweka birika chini.

Mzee Hezekia, jina la kijiweni Zizi, akagonga fimbo. "Mmeipa mashine macho, nyie mmebaki na kope. Mimi nilichunga kwa macho haya."

"Shikamoo tena, tata," Gati akasema, akimwita baba kwa Kikurya. "Na wale ng'ombe wa Busawe waliondokaje?"

Mzee akageukia barabarani. Ikabidi Gati amalizie. Dume la mbele lilivaa kengele, na mzee akiisikia inalia, analala zake. Wezi wakaivua. Mmoja akabaki kichakani anaitikisa mpaka jioni, wenzake wanaswaga ng'ombe kuelekea mpakani.

"Yule mwizi alikuwa na bidii," Mzee akakiri. "Hata kupumzika hakupumzika."

"Sasa mimi nikaseme nini, tata?" Waitara akauliza. Nilimhurumia, ana watoto wadogo.

"Mimi nilisingizia uchawi, wakanicheka ukoo mzima. Wewe sema uliacha kuangalia, mura, kijana wangu. Omba msamaha."

Waitara akayarudia maneno hayo kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kona akasimama. "Panda nikuwahishe, bure."

"Tulia. Nimetega kengele ya simu. Ikilia ndiyo tunaondoka."

Basi tukaagiza kahawa nyingine, tukarudi kwa yule mwizi na kengele yake. Jua likapanda, kivuli kikatuhama benchini. Gati ndiye aliyeichukua ile simu, akaibonyeza, akaibonyeza tena. Chaji ilikuwa imekwisha zamani.

Waitara akaruka wima. "Tata, wewe unajua kusoma jua. Mbona hukuniambia?"

Mzee akainua uso, akalitazama jua kama mgeni.

"Hata mimi, mura, nilikuwa nasubiri ilie."