Mteremko wa Tisini na Sita

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku tano. Jumamosi Doto anatimiza mwaka kaburini. Misa asubuhi, kisha chakula nyumbani Nkoma, kisha wimbo. Mama ameomba kitu kimoja tu: amsikie Doto akiimba.

Kazi hiyo ni yangu. Ni pacha wangu, na mwenye studio ni mimi. Chumba kimoja hapa Bariadi, magodoro mawili ukutani, lakini ubao wa nje umeandikwa Studio.

Rekodi ni moja tu duniani. Dada yetu Benedikta aliichukua kwa simu miaka mitatu iliyopita, msimu wa pamba. Doto anaimba amekaa juu ya magunia. Mimi nipo pembeni nashona mengine. Tatizo, chini ya sauti yake kuna mngurumo, mwanzo hadi mwisho. Mashine ya kusaga ya jirani yetu Mayala. Hana adabu yule mzee. Nitaing'oa.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Hamimu kuazima hedfoni. Anauza kava za simu mbele na kurekodi watu nyuma. Spika zake ni nzuri kuliko zangu. Wateja wake pia, lakini hilo ni suala la bahati.

Nikajikuta nimemwambia habari ya mngurumo. Akashauri nikate besi kwa mteremko mpole, desibeli kumi na mbili, na nianzie chini kabisa. Ati namba ikiwa kubwa, ukingo unakuwa wima, unang'ata na sauti ya mtu, na kinachobaki kinalia pale ukingoni. Akasema ni kama lambo la kunyweshea mifugo. Ng'ombe wakishuka taratibu wanafika wote. Ukichimba ukingo wima wanavunjika miguu.

Muuza kava ananifundisha ng'ombe, mimi Msukuma! Nimechukua hedfoni, sikuaga vizuri.

Programu yangu inafika tisini na sita. Kumi na mbili ni ya waoga.

Jumatano, 6 Agosti

Nimekata kwa kichujio. Tisini na sita. Mngurumo kwisha, kimya kama kanisa Jumatatu.

Doto amekuwa mwembamba kidogo. Kama anaimbia ndani ya debe. Na kila anapoanza neno kuna kitu kinalia, nng, nng. Nikaweka kichujio cha pili juu ya cha kwanza. Kikalia zaidi. Nikaongeza mwangwi ili kufunika.

Nimesikiliza mara thelathini. Mara ya kumi nililia. Hedfoni za Hamimu zinabana masikio.

Alhamisi, 7 Agosti

Simu ya Benedikta imejaa. Nimeweka wimbo safi juu ya ule mchafu, kwa jina lilelile, asije mtu akapiga mchafu kwa makosa. Kwenye kompyuta pia. Kwenye memori kadi pia. Benedikta aliuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba fundi hatunzi takataka.

Jumamosi, 9 Agosti

Watu walikuwa wengi. Hata Hamimu alikuja, na kanzu yake, akakaa nyuma.

Nikapiga wimbo. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa. Ulipokwisha akauliza huyo ni nani.

Nikamwambia ni Doto, mayu. Kisha akauliza, na Kulwa yuko wapi. Nikasema si mimi hapa. Akasema hapana, kwenye wimbo. Alisema tangu utotoni nikishika kazi ya mikono huwa navuma, mdomo umefumba, bila kujijua, na Doto hakuwahi kuimba bila kuegemea mvumo wangu. Usiku ule wa msiba alilala kwa kuusikiliza wimbo ule, kwa sababu wanawe wote wawili walikuwamo.

Nikasema mngurumo ule ulikuwa wa mashine. Mayala, wali mdomoni, akasema mashine yake ilikatika mkanda msimu ule wote, hakusaga hata debe moja.

Mwalimu wa kwaya aliwahi kuniondoa kwa sababu navuma. Nilidhani ni wivu.

Mama akasema nimemwacha mwenzangu peke yake. Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. Watu wakaangalia sahani zao. Hamimu hakucheka, na hilo ndilo limeniuma.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemrudishia Hamimu hedfoni. Nikauliza, kama vile nauliza kwa niaba ya mtu mwingine, kama kilichokatwa kinarudi. Akasema kikishahifadhiwa juu ya cha zamani hakirudi. Akanipa chai. Akasema pole. Nilitaka aseme si nilikwambia, nipate sababu ya kugombana. Hakusema.

Nimempoteza ndugu yangu mara mbili, na ya pili ni kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimerudi Nkoma kumwomba mama radhi. Nilimkuta anachambua choroko. Akaniambia nikae nimsaidie. Tukachambua. Baada ya muda akaanza kuimba wimbo wa Doto, wote, kila neno, kwa sauti yake ya kizee. Nikaegesha simu kwenye ungo, nikarekodi, mikono yangu ikiendelea na kazi. Sikutoa hata pumzi. Alipomaliza akanitazama muda mrefu, akatabasamu, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Akasema sasa niitunze hivyohivyo ilivyo.

Nitaitunza. Mama ana miaka sabini na minane na hatarudia kuimba vile. Nimemwapia Hamimu kwa simu: mteremko mpole, kumi na mbili tu, sivuki hapo.

Nimefika studio, nimesikiliza. Nzuri mno. Mbuzi wawili, upepo kidogo, hayo si kitu. Ila chini ya sauti ya mama kuna mngurumo, mwanzo hadi mwisho. Kumbe Mayala ameshatengeneza ile mashine.

Kumi na mbili haiutoi. Nimeweka tisini na sita, nimehifadhi.