Waya wa Bei Mbaya na Kwaya Yetu

Jumanne, 1 Julai

Umefika! Waya wa spika, kutoka Dar, kwa basi, ndani ya boksi lake. Mnene kama kidole gumba, vichwa vya rangi ya dhahabu. Karoti zangu zote za msimu zimeishia humo. Muuzaji kaniapia kwa simu kwamba sauti ya kwaya itatoka bila utandu. Utandu gani, sikuuliza. Niliona aibu.

Jioni nikawapelekea wanakwaya boksi walione. Sikulifungua, mikono ya watu ina jasho. Mama Eliza, mwenyekiti wetu, akasema Bwana asifiwe. Alen, muuza simu wa sokoni, anayeimba besi, akaniamkia shikamoo kwa heshima zote. Halafu akatangaza kwamba waya ni waya na spika haijui bei. Kijana huyu! Ananiamkia kwanza ili anitukane vizuri.

Kelele zikawa nyingi. Mama Eliza akakata shauri: Jumapili baada ya mnada wa sadaka, Alen atakaa nyuma ya pazia na nyaya mbili, wa kanisa na wangu, awe anabadilisha. Mimi nisikilize na nitaje. Nikishindwa, ufunguo wa kabati la mitambo unakwenda kwa Alen.

Ufunguo wangu! Nimeuvaa shingoni tangu binti yetu Jenoveva hajaanza shule. Bila huo mimi si fundi mitambo wa kwaya. Ni mzee wa karoti tu, kama wazee wote wa Mlola.

Nimekubali kwa sauti kubwa.

Alhamisi, 3 Julai

Mazoezi nyumbani. Nikafumba macho, mke wangu Yusta akawa anabadilisha: mara waya mpya, mara waya wa redio yetu, ule mwembamba mweusi. Nikataja kwa uhakika kabisa. Nikakosa. Nikataja tena kwa uhakika zaidi. Nikakosa vibaya zaidi.

Ni ukungu. Siku za ukungu sauti inalowa.

Yusta akanisemesha Kishambaa. Akianza Kishambaa najua nimeharibu. Alitaka kujua kama karoti zetu zimekwenda kununua kitu ambacho hata mwenyewe sikisikii. Nikamwambia sikio linahitaji muda, aurudishe waya boksini, na mimi nina kazi shambani. Sina kazi yoyote shambani. Nimekaa kwenye migomba nikiuchezea ufunguo.

Ijumaa, 4 Julai

Nimepata dawa! Yusta huimba soprano, anakaa karibu na pazia. Ukifungwa waya wa bei, akohoe. Basi.

Amekataa. Kasema hatakohoa uongo ndani ya nyumba ya Mungu.

Haya. Mwenye nia hakosi njia. Nimekwenda kanisani kufuta vumbi. Nimefuta kweli, kidogo. Halafu nikaulegeza waya wa kanisa ndani ya kichwa chake. Sasa unatoa shhh, kama andazi likitiwa kwenye mafuta. Mtu asiyetega sikio hausikii. Mimi nitalitega.

Si udanganyifu. Nimelisaidia tu sikio.

Jumamosi, 5 Julai

Nimelizungushia boksi gundi ya karatasi na kumkabidhi Mama Eliza alilinde. Nimekula ugali kwa raha. Yusta anatafuta kamba ya kumfungia jogoo wa sadaka. Kasema yule jogoo hukata kila kamba. Mambo ya wanawake, sikuingilia.

Jumapili, 6 Julai

Mungu wangu!

Ibada imekwisha, tumetoka nje kwenye mnada. Yakauzwa makabeji, yakauzwa mayai. Mzee Martin, mnadishaji, akamnyanyua jogoo wetu juu. Miguuni, vichwa viwili vya dhahabu vikimetameta juani.

Waya wangu!

Nikamgeukia Yusta. Akaninong'oneza kwamba mnene ulikataa kuingia tena, akatia boksini ule mwembamba uliotosha. Na kwa jogoo ule mnene umefaa sana.

Nikapandisha bei ya jogoo. Alen akaona ninamtaka, naye akapandisha. Nikapandisha tena, jasho likinitoka. Watu wakashangilia moyo wangu wa kutoa! Alen akanipita. Jogoo akawa wake, na waya wangu miguuni. Nikataka kulia.

Tukaitwa ndani. Nikaushika ufunguo mara ya mwisho. Alen akaenda nyuma ya pazia, nikamsikia akibandua gundi. Nikangoja acheke. Hakucheka. Kumbe hajawahi kuuona waya wangu!

Wimbo ukaanza. Shhh. Nikasema: wa kanisa! Ukabadilishwa. Kimya safi. Nikasema: wa bei! Akarudia mpaka akachoka mwenyewe. Sikukosa hata mara moja.

Vigelegele! Mama Eliza akanikumbatia. Alen akatoka na waya wa redio yetu mkononi, ameushika kwa adabu kama mtoto mchanga. Akakiri kwamba hata yeye amesikia tofauti, na hakutegemea kitu chembamba vile kitoe sauti nene. Akaniomba radhi mbele ya wote. Nikamsamehe.

Kisha nikamwomba, kwa utani, ile kamba ya jogoo. Akaifungua na kunitupia. Kasema ni kamba mbaya, inateleza, atatafuta ya katani.

Ooh! Ufunguo uko shingoni, waya uko mfukoni, karoti zangu zimepona. Asante Yesu. Yusta alicheka njia nzima mpaka nyumbani, na mimi pia.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Mapumziko. Nimetafakari kwa utulivu.

Watu wanaosema vyombo vya bei havina tofauti waone haya. Jana nimesikia tofauti mara zote, mbele ya mashahidi, tena waya wenyewe ukiwa kwenye miguu ya jogoo! Je, ungekuwa kwenye spika?

Nimempigia muuzaji. Yuko kwenye maonyesho. Kaniambia spika zikikaa sakafuni sauti inazama ardhini, na anazo meza maalumu za kioo, bei ya sikukuu. Nimeagiza mbili. Kabeji za Agosti zitatosha.

Yusta kaniuliza nitajuaje kama meza hizo zinasaidia. Nimemweleza kwa upole, maana si fundi: kitu kama hicho, mama, hukisikii mpaka umekilipia.