Kwetu Kiswahili Hakipandi

Jumatatu, 3 Machi
Karani wa takwimu wa huku ugenini anapita mlango kwa mlango. Nyumbani mnasema lugha gani? Kiingereza mnakijua kiasi gani? Kupitia ukutani nimemsikia jirani yangu kinyozi akijibu kwamba kwake ni Kiingereza, tena vizuri sana. Mwongo! Wiki jana mteja alimwomba kwa Kiingereza apunguze kidogo, akatoka kipara.

Sikubali kushindwa na mtu wa mkasi. Nimemweleza karani, kwa Kiswahili fasaha, kwamba kwetu Kiswahili hakipandi kabisa. Hata kwa mama mkwe. Mama mkwe akauliza kutoka jikoni kama mgeni atakunywa chai. Nikasema anatania.

Jumanne, 4 Machi
Nimezunguka jengo zima kuwahimiza majirani wajibu kama mimi. Tusitiwe aibu na kinyozi! Wamekubali wote, hata bibi wa ghorofa ya chini anayejua "bai bai" peke yake. Kaandikwa "vizuri sana". Najihisi mwenyekiti.

Alhamisi, 20 Machi
Balaa. Zahanati imemwondoa mkalimani. Nesi kasema takwimu zinaonyesha mtaa wetu hauna haja naye. Na Jumatatu mama mkwe anaonwa na daktari! Ana mtoto wa jicho, asipopasuliwa mapema atapofuka. Mke wangu kanitazama weee. Kasema mwenye Kiingereza ni mimi, basi mkalimani ni mimi.

Jumatatu, 24 Machi
Daktari aliongea kirefu. Nikamwambia mama mkwe kwamba anasalimiwa. Akashangaa, salamu gani ndefu hivyo. Daktari akaniuliza jambo. Nikasema yesi. Akauliza tena, nikasema yesi kwa heshima zaidi. Nikapelekwa chumba cha pili, nikavishwa gauni la wagonjwa, nikatiwa matone machoni. Mimi! Kiti cha pembeni, kinyozi, gauni lile lile. Alikuwa kamleta mkewe. Hatukusalimiana.

Upasuaji umeahirishwa hadi apatikane mkalimani. Mama mkwe kalia njia nzima. Niliumia moyo, kusema kweli, ingawa kwa yale matone sikumwona vizuri.

Jumatano, 2 Aprili
Karani karudi kuhakiki majibu. Nilikuwa nimeandaa Kifaransa. Mama mkwe kanipita huku akipapasa ukuta, kasimama mlangoni, kamwambia: mwanangu, andika Kiswahili. Sisi sote humu Kiswahili. Huyu mkwe wangu anajua Kiswahili na uongo. Majirani wakafungua milango, nao wakasema ukweli. Mwenyekiti nimeangushwa.

Jumatatu, 14 Aprili
Zahanati inatafuta mkalimani. Mungu hamtupi mja wake! Nimedamka kwenda kuomba kazi. Uzoefu ninao, nimeshatafsiri mbele ya daktari mzima. Kwenye foleni nimemkuta kinyozi, kafunga tai.

Nesi akachungulia mlangoni, akatuuliza kitu kwa Kiingereza. Tukajibu kwa pamoja: yesi.