Afisa wa Picha za Watoto Afika Shelui

Melkizedeki aliposikia redioni, akiwa kwenye mgahawa wa stendi ya Shelui, kwamba wakubwa wanataka sheria ya kulinda siri za watoto mtandaoni, chapati ilimkwama kooni kwa furaha. Meza ya jirani mama mmoja alikuwa anamrusha mwanawe stetasi, mtoto yumo kwenye beseni, uchi kama yai. Riziki, jamani, haina adabu, hukaa popote.

Jua la utosi lilimkuta kavaa koti, kitambulisho cha kamati ya harusi kinaning'inia shingoni, kina mama wamemzunguka kwenye mashine ya kukamua alizeti.

"Mama zangu, shikamooni! Picha ya mtoto mtandaoni ni kesi! Mafataki wanawasaka mabinti zenu kwa picha hizo hizo." Hapo, tumpe haki yake, hakudanganya. "Leteni simu zikasafishwe Singida. Atakayewahi atarudishiwa mpya."

Kusikia mpya, hata wenye vitochi visivyo na kamera walikiri makosa. Mfuko ukajaa. Melkizedeki akatoa simu yake, akawapiga watoto picha ya ripoti. Afisa asiyepiga picha ni afisa gani?

"Baba," akasema Dorika, muuza kuku ambaye umbea humfikia kabla jambo halijatokea, "wazazi wao wamekuruhusu?"

"Mimi ni serikali, mama."

"Basi serikali nayo itumbukize yake."

Vigelegele! Akatumbukiza. Kwani mfuko unaondoka na nani?

Wakamkaribisha ugali. Alipomega tonge la kwanza, simu yake ikalia humo mfukoni. Dorika akaipokea kwa heshima zote.

"Nani huyo?"

"Mtu wako wa Singida. Anasema wateja wa simu wamechoka kusubiri. Nimemwambia mzigo upo, asihofu."

Tonge likapita bila kutafunwa. Lakini kina mama walikuwa wanacheka tu, wanamwongezea mboga. Hawajaelewa, akajipa moyo.

Na mgeni habebi mzigo wake, hiyo Shelui hawana mjadala. Dorika akajitwika mfuko, akapita nao kwake "kumtilia mgeni kuku," kisha wakamsindikiza kwa nyimbo na kumpitishia mfuko dirishani mwa basi. Ulikuwa mzito kuliko mwanzo. Wajinga wana baraka zao, akawaza.

"Kazi njema, mwanangu!" Dorika akapaza sauti basi likiondoka. "Watoto walindwe na sheria, sisi mama zao tunajilinda!"

Hadi Iguguno maneno hayo yalikuwa yanamwasha. Akafungua mfuko. Mashudu ya alizeti, yale ya kulishia kuku, yameshindiliwa hadi mdomoni. Simu hakuna, hata ile yake.

Akachota mashudu kiganjani, akayanusa. Kisha akarekebisha kitambulisho, akamgeukia abiria wa pembeni.

"Shikamoo, mzee. Unafuga?"

"Marahaba. Nina kuku wachache."

"Mungu mkubwa! Umekaa na afisa lishe wa mifugo."