Kanuni ya Saba Haikatazi Kuvaa

Jumatatu, 4 Machi

Mpwa wangu amerudi kutoka kazini saa tano asubuhi. Mtu harudi saa hizo kwa heri. Koti lake jeupe la maabara linanuka uvundo, na mkuu wake kamwambia hivyo mbele za wenzake. Bado yuko kwenye majaribio ya kazi. Kapewa hadi Ijumaa: aje na koti linalonuka sabuni, au asije kabisa. Kwa sasa atapanga chupa stoo.

Kosa si lake. Kosa ni la nyumba. Ghorofa ya nne, vigae vinang'aa, maji ya moto na baridi, lifti kama ya waziri. Lakini pa kuanika hata soksi moja, hakuna. Aliyechora jengo hili bila shaka hutembea uchi. Madirisha yote yanatazama ukuta wa jengo la pili. Jua tunalisikia tu. Koti limeshinda bafuni siku tatu kama uyoga.

Na mlangoni wamebandika kanuni kumi na mbili. Ya saba: marufuku kuanika nguo dirishani, kwenye roshani na popote nje ya jengo. Barua moja ya onyo tunayo tayari, kwa sababu ya suruali yangu. Zikifika tatu, tunahama. Nasema tunahama, ingawa nyumba ni ya mpwa. Mimi nilikuja kusalimia tu. Mwaka jana.

Nashukuru sana. Mtoto huyu hajaniuliza hata siku moja naondoka lini. Mama yake, dada yangu, aliniuliza kabla sijakaa kitini.

Basi nimemwambia, mjomba ni mama mwenye sharubu, hilo koti niachie. Mimi niliwahi kukausha blanketi la jeshi kwa kulipungia mikono tu, askari arobaini wakishuhudia. Akasema, "Anko, nakuomba, usifanye kitu."

Namjua. Anaona haya kuomba msaada.

Jumanne, 5 Machi

Nimelifua koti upya. Nikalitundika kwenye mpini wa fagio, fagio nikalitoa nje kwa dirisha la jikoni, ncha ya ndani nikaikandamiza kwa mtungi wa gesi. Hesabu kali. Nilisoma hadi darasa la sita. La saba nilikuwa nimeshalielewa kabla ya kuingia, nikaona nisimpotezee mwalimu muda.

Upepo ukaja. Koti likaenda.

Likatua juu ya kioo cha gari la msimamizi wa jengo, mwenyewe akiwa ndani, anarudi nyuma. Tunamwita Bwana Kanuni. Hakupiga kelele. Alipanda, akagonga, akanipa koti kwa mkono wa kulia na barua ya pili kwa mkono wa kushoto. Akasema ya tatu ameshaiandika, imebaki kujaza tarehe.

Nashukuru koti halikuchanika. Alama ya waipa imetoka kwa sabuni.

Mpwa aliporudi nilimwonyesha barua. Alinipakulia chakula, nyama kubwa akaniwekea mimi. Afadhali angenigombeza.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma kanuni ya saba mara tisa. Inakataza kuanika. Haikatazi kuvaa.

Saa nne nililivaa koti, bichi vilevile, nikashuka uwanja wa magari penye jua. Linanibana, vifungo vimegoma. Nikasimama. Dakika kumi kifua, dakika kumi mgongo, kama hindi la kuchoma. Bwana Kanuni alinitazama kutoka ofisini kwake, akaitazama karatasi ya kanuni, akanitazama tena. Sheria ni elimu.

Mara akatoka mzee mmoja wa ghorofa ya chini na mkongojo wake. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akasema, "Daktari, hili goti."

Kumkatalia mzee ni utovu wa adabu. Tena hospitali naijua. Nililinda geti la zahanati miaka miwili, na mgonjwa yeyote huonwa kwanza na mlinzi. Nikamuuliza lilianza lini. Alianzia ujana wake, alipokuwa fundi wa mashine za kusaga, akaja taratibu, tukafika leo baada ya saa nzima. Nikalichua goti kwa dawa yangu mwenyewe, ile ya manjano. Nikamwagiza azunguke uwanja mara mbili. Tukazunguka pamoja, yeye apate mazoezi, koti lipate upepo.

Saa saba koti kavu kama biskuti. Na mkono wa kulia una doa la manjano hadi kwenye kiwiko.

Alhamisi, 7 Machi

Doa limetoka saa nane mchana, baada ya kufua tangu alfajiri. Koti jeupe pe. Na chepechepe. Kesho saa moja asubuhi ndiyo ukaguzi. Nikajaribu pasi, ukatoka mvuke, na uvundo ukarudi umepikwa. Ikabidi nifue tena.

Mpwa alirudi saa tisa akanikuta na ndoo. Akakaa sakafuni. Akasema polepole kwamba barua za kuomba kazi aliandika kumi na nne, na hii ndiyo pekee iliyojibiwa.

Nikaanza kumwambia habari ya blanketi la jeshi. Nikaiacha katikati. Sijawahi kuacha hadithi katikati.

Hodi. Bwana Kanuni, karatasi imechungulia mfukoni. Akauliza daktari yuko wapi. Mpwa akamwambia hapa hakuna daktari, kuna mjomba. Akamweleza yote: uvundo, fagio, doa, Ijumaa.

Bwana Kanuni akasema yule mzee ni baba mkwe wake. Tangu amlete hapa ni miezi minane, na hajapata wa kuzungumza naye, maana kila mlango umefungwa. Jana kala sahani mbili. Leo kaamka anauliza daktari atashuka saa ngapi. Goti, akasema, linauma vilevile. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza lilianza lini.

Akaingiza mkono mfukoni. Nikafumba macho. Akatoa ufunguo wa mlango wa paa. Koti moja, kamba moja, hadi kesho mchana, na mtu asijue.

Kumbe jua lote liko kule juu. Saa kumi na moja koti lilikuwa kavu. Mpwa alilinusa, akalinusa tena, akanipa na mimi ninuse. Sabuni tupu. Tukamshukuru Mungu palepale, karibu na tangi la maji.

Ijumaa, 8 Machi

Kapita. Mkuu wake alinusa kola, akasema nenda kwenye meza yako. Nimeandika hapa ili nisisahau alivyocheka mlangoni. Kaniletea zawadi, vibanio vya nguo dazeni moja, vya rangi. Akasisitiza, "Vya bafuni, Anko. Vya bafuni tu."

Bwana Kanuni nimemrudishia ufunguo wake kwa mikono miwili.

Jumapili, 10 Machi

Neema haiwi neema ukiila peke yako. Bwana Kanuni alitaka ufunguo, nikampa. Nakala niliyochongesha Ijumaa asubuhi hakuiulizia.

Nimebandika tangazo kwenye lifti: MWENYE NGUO MBICHI APANDE JUU, AMUONE MJOMBA WA GHOROFA YA NNE. MAGOTI PIA.

Saa nne zimefika kamba tisa. Mashuka, nepi, mapazia, jengo zima. Ya tisa nimeifunga kwenye dishi la televisheni, nalo limeinama kama limefiwa. Mzee wa goti nimempa kiti na vibanio, anagawa, anacheka, anajua majina ya watu wote. Wagonjwa watatu wako foleni. Nimejifunga shuka jeupe, kwa kuwa koti liko kazini na mwenyewe.

Mpwa karudi sasa hivi kutoka zamu. Amepanda, ameona, ameketi kando ya tangi na kufunika uso. Furaha imemzidi.

Na Bwana Kanuni huyo anakuja kwa ngazi, maana lifti imejaa ndoo. Ana karatasi mkononi, anajaza tarehe huku anatembea. Ni barua ya shukrani, hiyo naijua hata kwa mbali. Nimemwandalia kiti. Kamba ya kumi nitaifunga akishamaliza kusoma.