Kijivu Kisichouzwa Dukani

Jumatatu, 6 Mei
Siku njema. Fundi mkuu kanikabidhi ndege ndogo ya Rubani Mzee. Redio ya zamani imetolewa, limebaki tundu katikati ya dashibodi. Niling'oe bati lote, nizibe tundu kwa kiraka, nikipake kijivu kilekile. Basi. Fundi mkuu ni mama asiyesifia mtu ovyo, lakini kasema nikifanya vizuri atanifikiria kwa usimamizi wa chumba cha rangi.

Mkasi, fundi mwenzangu, anautaka usimamizi huohuo. Jina kapewa na ulimi wake. Kanishauri nipeleke sampuli dukani, eti wana mashine ya kusoma rangi. Nikamshukuru. Ushauri wa mpinzani ni chambo. Mashine ni macho yangu.

Jumanne, 7 Mei
Nimechanganya nyeupe, nyeusi na tone la buluu. Chumba cha rangi hakina dirisha, kina balbu moja ya manjano. Chini yake, kiraka na dashibodi pacha. Nikamwita Mkasi aje ajionee. Akakuna kidevu, akaomba tutoke nje. Wivu huo. Tukatoka. Juani dashibodi ni kijivu, kiraka ni kijani. Kijani cha mkate uliolala wiki nzima. Mkasi akanipa kitambaa cha kufutia. Afadhali angenicheka.

Mke wangu ni fundi cherehani. Bila kuinua macho kwenye mshono akasema hata uzi wa kifungo yeye huulinganishia mlangoni. Nikamwambia ndege si blauzi.

Jumatano, 8 Mei
Nimechanganya nje, tone kwa tone, mpaka ikalingana kabisa. Nikapaka. Nikaenda kula huku napiga mluzi. Kurudi, imekauka na kukoza. Kiraka kama jicho lililopigwa ngumi. Kumbe rangi mbichi ni kama mchumba: ukishaoa ndipo unamjua.

Jioni nikamwona mama mkwe, aliyekuja kututembelea, kavaa sweta. Kijivu chenyewe! Nikamwomba aniazime. Akafurahi, akadhani nataka kumnunulia nyingine.

Alhamisi, 9 Mei
Sweta si sampuli nzuri. Imegusa rangi, kiraka kikaota manyoya. Nimemrudishia ikiwa na mkono mmoja mgumu kama ubao. Kasema kwa kuwa baridi imekwisha, kesho atarudi kwake. Mke wangu hasemi nami.

Lakini nimepata dawa. Kama kiraka kinakataa kufanana na dashibodi, dashibodi ifanane na kiraka. Nimepulizia bati lote, kona hadi kona. Laini kama yai. Mkasi akapita, akauliza kwa upole maandishi ya chini ya swichi yako wapi.

Maandishi.

Nikamwambia nimeyaondoa makusudi, nitayaandika upya kwa mwandiko mzuri zaidi. Kazi ni kuyakumbuka.

Ijumaa, 10 Mei
Fundi mkuu alisoma mwandiko wangu. Akauliza, kwa sauti ya chini sana, kwa nini pampu ya mafuta sasa inaitwa taa ya kutua. Nikajibu kwamba zote mbili ni muhimu. Akasema siku mzee akitaka kuzima taa akiwa angani, atazima pampu, nasi tutamzika. Nikaiweka brashi chini. Mkasi akafungua kitabu cha ndege, akaandika yote upya.

Ndipo nikaambiwa jambo ambalo lingefaa Jumatatu: kijivu kile alikichanganya marehemu mke wa Rubani Mzee, kwa mkono wake, nyumbani. Hakiuzwi popote. Na mzee mwenyewe alikuwa anaingia mlangoni.

Akaiinamia dashibodi.

"Alikipaka siku tuliyogombana," akasema. "Mimi nilitaka buluu. Sikukipenda hata siku moja. Lakini kukibadilisha, nani athubutu?"

Akacheka. Kisha akatoa leso. Akauliza kama kuna mahali kilipobaki. Mkasi akaligeuza bati. Nyuma, ukingoni, palikuwa na doa la kijivu cha zamani lenye alama ya kidole gumba, kidogo, cha mwanamke. Mzee akaweka chake juu yake. Akaomba upande huo usiguswe na mtu.

Hata mimi nilitazama pembeni.

Jumamosi, 11 Mei
Mkasi ndiye msimamizi wa chumba cha rangi. Mimi nimehamishiwa kuosha matairi. Mke wangu, ambaye sasa anasema nami, kauliza wiki hii imenifunza nini. Nikamwambia: Rubani Mzee katamka mbele ya watu kwamba kijivu cha zamani hakukipenda. Kwa hiyo nilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila nimechelewa kueleweka. Akarudi kwenye cherehani yake.

Nimeyachunguza matairi. La mbele jeusi tii, ya nyuma yamepauka. Ajabu hakuna aliyewahi kuliona hilo. Fundi mkuu yuko mapumzikoni mpaka Jumatatu, na nyuma ya mlango kuna kopo zima la rangi nyeusi.