Breki za Kwenda Kibakwe

Jumatatu, 16 Juni

Nimeamka nikakuta doa chini ya gurudumu la nyuma, kushoto. Nimemshuku mbwa wa jirani. Nimeinama, nimenusa, mwishowe nimeonja kwa ncha ya ulimi. Si mbwa. Ni mafuta ya breki. Nimejaribu pedali. Inazama taratibu, kama mguu kwenye majaruba ya mpunga ya Bahi.

Mwezi mwingine wowote ningevumilia. Lakini Jumamosi Angelina anaolewa Kibakwe, na mimi ndiye mjomba wake. Kwetu Wagogo mjomba si mtu wa kukaa kiti cha nyuma. Baba yake alipofariki, nilisema mbele ya kaburi kwamba siku ya harusi nitampeleka kanisani mwenyewe, kwa gari langu. Wakati ule sikuwa na gari. Watu walilia hata hivyo.

Baba yake mdogo, Stanley, ana gari jipya, jeupe, lenye vioo vyeusi. Anangoja nishindwe. Sitashindwa.

Jumanne, 17 Juni

Nimempelekea gari fundi Hamidu, Mrangi wa Kondoa mwenye gereji Chang'ombe, hapa Dodoma. Amepampu pedali. Ametazama kikopo cha mafuta ya breki, kimeshuka nusu. Amevua gurudumu, akavua na dramu inayofunika breki. Ndani kumelowa chapachapa! Akanionyesha silinda ndogo inayosukuma breki: raba zake zimekwisha, mafuta yanapenya pembeni. Anataka kubadilisha raba, kusafisha dramu, kisha kutoa hewa kwenye mabomba. Gari lilale kwake hadi Alhamisi jioni.

Haiwezekani. Kesho ni kikao cha familia. Mjomba afike kwa bodaboda, Stanley akiona? Nimemwamuru arudishe gurudumu. Amerudisha, amejaza kikopo, amenipa na chupa iliyobaki, akaniuliza naenda nalo wapi. Nimemjibu kwamba harusini Kibakwe, na kwamba Dodoma yote ni tambarare.

"Kibakwe siyo tambarare, mzee," akasema. Kisha akaongeza sauti ya redio.

Mafundi wa siku hizi hawana adabu.

Jumatano, 18 Juni

Kikao kimefanyika uani kwa dada yangu Dorkasi, mama wa bibi harusi. Nimeegesha mahali ambapo kila mtu analiona gari. Kosa. Kabla sijafunga mlango, doa limeshatokea. Nikalikanyaga.

Nimesimama juu yake kikao kizima. Dorkasi ameleta kiti, nimekataa. Ameleta kingine chenye mto. Nimesema mjomba haketi mambo mazito yakizungumzwa. Wazee wameguswa. Mmoja akasimama. Kisha wakasimama wote, na kikao kikaisha mapema, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo huu.

Stanley amesema gari lake lina kiyoyozi, na vilima vya kule si mchezo. Hapo Angelina mwenyewe akajibu, bila kuinua macho.

"Nitapanda la mjomba. Alimwahidi baba."

Nimefurahi. Nilitaka kwenda kumshika mkono. Sikuweza. Kiatu kilikuwa kazini.

Alhamisi, 19 Juni

Chupa ya Hamidu imebaki na matone tu. Nikimrudia leo atalikalia gari hadi harusi ipite.

Jikoni kuna dumu la alizeti ya shamba letu la Kongwa, imekamuliwa juzi tu. Nimemimina kidogo kwenye glasi, nikaiweka dirishani kando ya chupa ya Hamidu. Rangi ileile. Utelezi uleule. Kwa harufu, alizeti inashinda. Nimejaza kikopo, nikapampu, nikajaza tena. Mke wangu Zipora alikuwa kwaya. Kuna mambo huwa simwelezi mapema.

Jioni nimepiga magoti na tochi. Pakavu! Hakuna doa. Pedali imesimama kama askari. Mafundi wanatuficha mengi.

Ijumaa, 20 Juni

Nimeosha gari. Nimefunga maua mbele, nikaenda kumwonyesha Angelina. Njiani gari likawa zito. Nikakanyaga mafuta zaidi, likazidi kuwa zito. Moshi ukatoka magurudumuni, na harufu ya maandazi. Limesimama mbele ya nyumba ya Dorkasi na kukataa kwenda mbele wala nyuma. Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakauliza nani anakaanga nini.

Hamidu ameitwa. Amefungua kikopo, amechovya kidole, amenusa. Kisha akawaeleza watu wote isipokuwa mimi: mafuta ya kula huvimbisha raba, ndiyo maana kuvuja kulikoma. Sasa raba zote, tangu silinda kubwa iliyo chini ya kikopo hadi magurudumuni, zimevimba na breki haziachii. Raba za namna hiyo mwishowe huchanika, na zikichanika kwenye mteremko, breki hakuna kabisa.

Zipora ameuliza, kwa upole, kama hiyo ndiyo alizeti ya pilau la harusi.

Angelina ametoka ndani, nywele zimesukwa nusu. Alikuwa amesikia.

"Mjomba, ungenipakia humu?"

Niliona aibu. Naandika hivyo kwa kuwa ni kweli. Niliona aibu, na niliogopa.

Jumamosi, 21 Juni

Tumekwenda kwa gari la Stanley. Angelina aliomba nikae naye, nimshike mkono. Kwa hiyo mjomba amekaa kiti cha nyuma.

Tulipopita Mpwapwa vilima vikaanza. Kila kona nilikanyaga sakafu. Stanley amenisikia, akapunguza mwendo. Nimemshukuru moyoni, na shukrani hiyo itabaki humo humo. Kanisani nimempeleka Angelina hadi madhabahuni kwa miguu. Nimelia kuliko mama yake.

Pilau limepikwa kwa mafuta ya dukani. Zipora amenipakulia mwenyewe, kidogo.

Jumatano, 25 Juni

Gari limepona. Hamidu amebadilisha raba zote na kuosha mabomba. Zipora alikanyaga pedali huku Hamidu akifungua skrubu za kutolea hewa, mapovu yakatoka hadi yakakoma. Pedali sasa ni ngumu.

Nimetafakari sana yaliyopita, nami nakubali kosa langu. Alizeti ile haikuchujwa. Nimemweleza Hamidu. Ameongeza sauti ya redio.

Jumapili Angelina anakuja kumsalimia mama yake. Nimempigia simu kwamba nitamfuata Kibakwe. Amesema haya, mjomba, kama fundi ameruhusu. Fundi ameruhusu. Aliulizwa kuhusu breki.

Asubuhi hii kuna doa jipya, mbele, chini ya rejeta ya maji ya kupozea injini. Nimeonja. Maji. Tundu lenyewe dogo mno, si la kumsumbua fundi. Zipora ana unga wa uwele uliosagwa laini sana, ambao ukilowa huganda kama gundi. Na leo jioni ana kwaya.